Nyumba ya Kasisi wa Epworth

Kwa wenzetu waliotoka Meru, au Ribe karibu na Mombasa ambako wamisionari wa Kimethodisti walianza kazi mwaka 1862, jina la John Wesley si geni. Nyumba aliyokulia bado ipo Epworth, mji mdogo wa Lincolnshire, nayo imo katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa na sheria nchini Uingereza. Si mchezo kuingia humo: katika kila majengo mia yanayolindwa, yasiyozidi matatu ndiyo ya daraja hilo.

John hakuzaliwa ndani yake. Alizaliwa mwaka 1703 katika nyumba iliyotangulia, ya mbao na lipu, iliyoezekwa kwa majani. Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba ile ilishika moto. Watoto wote walitolewa isipokuwa yeye, wa miaka mitano, aliyebaki ghorofani. Kutafuta ngazi kungechelewesha. Mtu mmoja akapanda mabegani mwa mwenzake, akamtoa dirishani, na mara paa likaporomoka.

Nyumba mpya ilijengwa kwa matofali, paa la vigae, madirisha yamepangwa kwa mizani kushoto na kulia, kama ilivyokuwa desturi enzi za Malkia Anne. Ni nyumba nzuri hasa. Lakini iligharimu kiasi cha paundi 400, na baba yake, Kasisi Samuel Wesley, alikuwa mtu wa madeni. Mwaka 1705 alikwisha kufungwa Lincoln kwa sababu hiyo. Miaka zaidi ya kumi baada ya moto, vyumba vilikuwa bado havina samani za kutosha.

Wapenda majengo watasifu sura yake ya mbele. Mimi navutiwa zaidi na jiko. Majira ya baridi ya 1711 kuingia 1712, Samuel akiwa London kwa shughuli za kanisa, mkewe Susanna alianza kuwasomea watoto na watumishi hotuba za dini Jumapili jioni. Majirani wakaomba kusikiliza, wakaongezeka hata wakafika kama 200. Msaidizi wa kasisi akapeleka malalamiko, na Samuel akamwandikia mkewe aache. Susanna akajibu kwamba asimwambie tu kuwa angependa aache. Kama anakataza, na atoe amri iliyo wazi, ili lawama mbele ya Mungu isiwe juu yake. Ibada zikaendelea.

Tatizo ni kwamba ile ilikuwa nyumba ya kazi. Waliokulia kota za reli au za walimu wanajua maana yake. Samuel alipofariki Aprili 1735, nyumba ilikuwa ya kasisi atakayemfuata. Susanna, aliyelea watoto humo, akafungasha, akawa anaishi kwa watoto wake mpaka alipofariki London mwaka 1742.

Makasisi waliendelea kukaa pale hadi Wamethodisti walipoinunua mwaka 1954, na mwaka 1957 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Wasomaji wa London hawana haja ya kusafiri mbali kumwona mama mwenyewe: kaburi lake liko Bunhill Fields, ng'ambo ya barabara tu kutoka kanisa alilojenga mwanawe City Road.