Kwihara Zamani: Nani Aliilisha Njia?

Leo somo letu ni la historia. Tutazungumza juu ya Kwihara, kijiji kilicho kilometa chache kutoka mji wa Tabora.

Watu wengi wakisikia jina hilo humkumbuka Livingstone, ambaye mwaka 1872 alikaa pale miezi sita katika tembe, akingoja watu wa kumchukulia mizigo. Sisi leo tutauliza swali la mkulima: miezi yote hiyo, yeye na wasafiri wengine walilishwa na nani?

Tabora iko juu, karibu mita 1,200 toka usawa wa bahari. Mvua huanza mnamo Novemba na kwisha Aprili au Mei. Njia kubwa ya kutoka Bagamoyo ilifika hapa, kisha ikagawanyika: moja ilikwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Misafara ilifika imechoka baada ya miezi miwili, mitatu au zaidi. Ilibidi wasafiri wapumzike, wanunue chakula, na watafute wapagazi wapya.

Basi, mwenye mtama, mahindi, mpunga au kuku aliwauzia. Alilipwa kwa merikani, kaniki, ushanga au masango. Chumvi ilitoka Uvinza. Majembe ya chuma yalitoka kwa wahunzi wa kaskazini, na jembe lenyewe lilitumika kama fedha. Waarabu waliokaa pale nao walikuwa na bustani. Walipanda ngano na vitunguu.

Vijana wa Kinyamwezi walikuwa wapagazi hodari. Mtu mmoja alijitwika ratli 60 au 70, yaani karibu kilo 30. Desturi yao ilikuwa kuondoka baada ya mavuno na kurudi kabla ya mvua. Lakini wengine walichelewa njiani, na wengine hawakurudi. Mashamba yalilimwa na nani? Yalilimwa na wanawake na wazee. Tena yalilimwa na watumwa. Jambo hili tusilifiche. Watu walitekwa Manyema na kwingineko. Wengine walipelekwa pwani, wengine walibaki kulima mashamba ya matajiri, Waarabu na Wanyamwezi pia. Kwa hiyo sehemu ya chakula kilichouzwa ilitoka katika jasho la watu wasiolipwa kitu.

Utajiri wa njia uliweza kukatika upesi. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aligombana na wafanyabiashara wa Unyanyembe, akaifunga njia ya Ujiji. Agosti mwaka ule aliishambulia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Watu wakakimbilia Kwihara. Vita viliendelea kwa miaka kadhaa, na biashara ikaharibika.

Halafu ikaja reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilichukua mizigo ya wapagazi mamia. Kazi ya upagazi katika njia ile ikafa. Vijana wengi walikwenda kutafuta mshahara katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Walishika tena safari ya mashariki, lakini sasa walikwenda kulima shamba la mtu mwingine.

Njia ilileta nguo na shanga, lakini jembe ndilo lililoilisha njia. Wafanyabiashara wa pembe waliandikwa majina yao katika vitabu. Waliolima mtama hawakuandikwa. Tembe la Kwihara sasa ni makumbusho. Ukifika pale, litazame tembe, kisha uyatazame na mashamba.

Sasa jadilianeni katika darasa lenu:

1. Kwa nini misafara ilisimama Kwihara na Tabora?
2. Nani walipata faida ya njia, na nani hawakupata?
3. Katika kijiji chenu, ni kazi gani iliyokufa ilipokuja barabara au reli? Walioifanya walikwenda wapi?