Dini ya Asili Inapofufuliwa: Ziwa Mweru na Madruidi wa Uingereza

Kwa Kiswahili, kumwita mtu mpagani ni kumtukana. Huko Uingereza wapo wanaojiita hivyo kwa fahari, na mwaka 2010 jumuiya moja ya madruidi ilisajiliwa kuwa shirika la hisani la kidini. Madruidi hao husema wanafuata njia ya Waselti wa kale. Insha hii inauliza: dini ya asili inapofufuliwa, ni nini hasa kinachorudi? Jibu ninalitafuta Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia.

Waselti waliabudu miungu wengi, wakiwemo wa mito na chemchemi. Makuhani wao, yaani madruidi, hawakuandika mafundisho yao. Jambo hilo tunaambiwa na Julius Caesar, adui aliyewashinda. Hadithi za Ireland nazo ziliandikwa baadaye na watawa wa Kikristo. Mwaka 1792, Iolo Morganwg aliwakusanya washairi wa Wales huko Primrose Hill, London, kwa sherehe aliyodai imetoka kwa madruidi. Baadaye ilibainika kwamba hati nyingi alizozitegemea alizitunga mwenyewe.

Mweru historia ni tofauti. Wenyeji wa zamani wa ufuko huu ni Washila, wavuvi. Watu wa eneo hili walimjua Lesa, Mungu mkuu, pamoja na mizimu ya wahenga na ngulu, roho zilizokaa mahali kama maporomoko na vilima. Katika karne ya 18 Walunda wa Mwata Kazembe waliitwaa nchi. Masimulizi yanasema Nkuba, mtawala wa Washila, alimuua mpwa wake. Mama wa kijana huyo, Nachituti, alimwomba Kazembe amlipizie kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Masimulizi ya Walunda yalichapishwa mwaka 1951 katika kitabu cha Mwata Kazembe XIV, *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*, kwa msaada wa Padri Labrecque. Kama Ireland, mtu wa kanisa alishiriki kuihifadhi kumbukumbu ya kale.

Hata hivyo, Walunda walipochukua utawala hawakuwafuta wenye maji wa zamani. Palikuwa na sehemu za maji ambako uvuvi haukuanza mpaka mwenye maji afanye tambiko. Kwa hiyo tambiko lilikuwa pia sheria ya uvuvi. Biashara ya samaki kwa migodi ya Katanga ilipokua, samaki aitwaye mpumbu alivuliwa kwa wingi alipopanda Mto Luapula kutaga mayai, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa amepungua mno. Leo uvuvi hufungwa na serikali, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari.

Msomaji anaweza kunipinga kwa kutaja Mutomboko, sherehe ya kila Julai huko Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge, ambapo Mwata Kazembe huwakumbuka wahenga na kucheza ngoma ya ushindi. Ni kweli, mwendelezo upo, na ni wa karibu zaidi kuliko ule wa Iolo. Lakini Mutomboko humtukuza mshindi. Tambiko la mwenye maji halina jukwaa wala wageni wa heshima.

Hivyo basi, naona tunakosea tunapopima dini ya asili kwa umri wa mavazi na ngoma zake. Sherehe hurudi kwa urahisi, iwe London au Luapula, kwa sababu inahitaji watu na siku moja tu. Kilicho kigumu kurudi ni kazi ambayo dini ilifanya: kumwambia mvuvi mwenye njaa asubiri, naye akasubiri. Anayetaka kujua kama mizimu ya Mweru ingali hai asiishie kwenye ngoma. Awaulize wavuvi ni nani anayewazuia kutupa nyavu, na kama wanamtii hata asipokuwepo.