Sarafu za shaba nyeusi za Olbia na sheria ya kubadilisha fedha

Olbia ulikuwa mji wa bandari wa Wagiriki kaskazini mwa Bahari Nyeusi, karibu na kijiji cha Parutyne katika Ukraine ya leo. Ulianzishwa na walowezi kutoka Mileto katika karne ya 6 K.K. Wageni walileta mvinyo na mafuta ya zeituni, wakaondoka na nafaka, samaki, ngozi na watumwa.

Fedha ya sokoni ilikuwa ya shaba nyeusi. Miji mingi ya Wagiriki iligonga sarafu kwa nyundo, lakini Olbia kwa muda mrefu iliyeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu. Sarafu ndogo zilikuwa na umbo la samaki pomboo. Nyingine zilikuwa za duara, kubwa zaidi zikifikia upana wa sentimeta 7 hivi na uzito wa zaidi ya gramu 100. Haikuwa fedha ya kubeba safarini.

Mgeni aliyefika na dhahabu au fedha ya kwao alilazimika kuibadilisha. Katikati ya karne ya 4 K.K. Olbia ilipitisha sheria kuhusu jambo hilo, iliyopendekezwa na Kanobos mwana wa Thrasydamas. Dhahabu na fedha iliyogongwa muhuri iliruhusiwa kuingia na kutoka, na kuibadilisha hakukutozwa kodi. Sarafu za mji wa Cyzicus, zilizozoeleka sana katika biashara ya bahari hiyo, ziliwekewa kiwango rasmi. Nyingine zote, muuzaji na mnunuzi walipatana bei wenyewe.

Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, kubadilisha fedha kulifanyika mahali pamoja tu, kwenye jiwe lililokuwa katika ukumbi wa mikutano ya raia. Pili, bidhaa zote ziliuzwa kwa shaba na fedha ya Olbia pekee. Aliyetumia fedha nyingine alinyang'anywa: muuzaji mali yake, mnunuzi pesa alizolipa. Kwa mwenye shehena ya meli nzima, hasara hiyo ilitosha kumfilisi. Kazi ya kuwadai wakosaji ilikodishwa kwa watu binafsi, ambao bila shaka hawakuwa na sababu ya kufumba macho.

Jiwe lenye maandishi ya sheria hiyo halikupatikana Olbia. Lilipatikana Hieron, kwenye mlango wa bahari wa Bosporus nchini Uturuki, mamia ya kilomita kutoka mji huo, mahali ambapo meli zilipita zikiingia Bahari Nyeusi.