Karata ya kuvuta nyingine hupimwa kwa inachogharimu

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

KWA aliyezoea kucheza lasti kadi katika vijiwe vya Kilosa au Mikumi, kuvuta karata ni adhabu. Mshindi ni yule anayezimaliza mkononi, hivyo kila inayoongezeka humrudisha nyuma.

Katika michezo ya karata za kukusanya na kubadilishana, mambo ni kinyume. Michezo hiyo, ambayo Magic: The Gathering, iliyobuniwa na Richard Garfield wa Marekani, iliifungulia njia mwaka 1993, humtaka kila mchezaji aje na jozi ya karata aliyoipanga mwenyewe. Humo, karata zilizo mkononi ni mtaji, na zipo ambazo kazi yake ni kuvuta nyingine.

Kwa kuwa karata hizo hununuliwa kwa fedha na nafasi katika jozi zina kikomo, anayejiandaa kwa mashindano hana budi kuzipima kabla ya kuzichagua. Ni rahisi kuhesabu zinazoingia na kusahau zinazotoka.

Kipimo cha kwanza ni faida halisi. Karata inayovuta 2 huleta faida ya 1 tu, kwa sababu yenyewe imekwisha kutumika.

Kipimo cha pili ni gharama. Katika Magic, Divination huvuta karata 2 kwa mana 3, yaani nguvu za kuchezea ambazo mchezaji hujiongezea kidogo kidogo kadiri zamu zinavyopita. Ancestral Recall huvuta 3 kwa mana 1 tu, na ndiyo maana katika mashindano ya Vintage huruhusiwa nakala 1 pekee. Hali kadhalika, katika Yu-Gi-Oh!, Pot of Greed huvuta 2 bila gharama yoyote, nayo imepigwa marufuku katika mashindano rasmi kwa miaka mingi.

Gharama hiyo ina maana kubwa kwa sababu karata ya kuvuta ni mbegu, haishibishi leo. Anayemaliza zamu nzima akivuta huku mpinzani akishambulia hufanana na mkulima wa bonde la Mto Mkondoa anayepanda wakati maji ya mafuriko yamekwisha kufika shambani.

Kipimo cha tatu ni kinachopotea. Katika Pokémon, Professor's Research humtaka mchezaji atupe karata zote zilizobaki mkononi, kisha avute 7. Aliyebakiwa na hiyo peke yake hutoka 1 na kufikia 7. Mwenye nyingine 5 nzuri huzipoteza zote 5. Aidha, karata za aina hiyo huchezwa 1 tu kwa zamu, hivyo kushika mbili hakuongezi kasi maradufu.

Kipimo cha nne ni nafasi. Katika jozi ya karata 60, ambapo mchezaji huanza na 7 mkononi, nakala 4 za kuvuta humpa uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kuanza na angalau moja. Zikiwa 8, uwezekano hupanda hadi asilimia 65, na zikiwa 12 hufikia asilimia 81. Nne za pili zimeongeza 25, lakini nne za tatu zimeongeza 16 tu, na kila moja imechukua nafasi ya karata ya kushambulia au kujilinda.

Hata hivyo, hata kuvuta kwenyewe kuna mwisho. Katika Magic, mchezaji anayetakiwa kuvuta ilhali rundo lake limekwisha hupoteza mchezo.

Hesabu hizi zaweza kujaribiwa kabla ya kutoa fedha. Chukua jozi mbili za karata za kawaida, bakiza 60 zikiwamo ree zote 8, kisha uzichange vizuri. Gawa 7, andika kama ree imo, rudisha na uchange tena. Katika majaribio 20, ree hutarajiwa kuonekana takriban mara 13.

Baada ya hapo, kila karata iulizwe swali moja: ikinifikia wakati nimezidiwa, nitakuwa na nafasi ya kuitumia? Ambayo jibu lake ni hapana, hata kama huvuta nyingi, impishe nyingine.