Shaba ya Vita na Shimo la Falun

Kanisa la Kiruna, Uswidi, jengo la mbao lenye uzito wa tani 672, lilipokokotwa masafa ya kilomita tano mwezi wa Agosti 2025 ili liepuke ardhi inayopasuka kwa uchimbaji wa chuma, walimwengu walistaajabu. Lakini mwenye kuijua tarikhi ya Uswidi atakumbuka kwamba ardhi ya nchi hiyo iliwahi kuporomoka pasipo kitu kuhamishwa, na sababu yake hatuna budi kuitafuta Stockholm.

Katika karne ya 17 dola ile ilipigana vita mbali na kwao, na hazina yake ikategemea shaba ya mgodi wa Falun, ambayo wakati wa neema yake kuu ilikuwa kiasi cha thuluthi mbili ya shaba yote ya Ulaya. Mwaka 1637 liliundwa Stockholm baraza la madini, baadaye likaitwa Bergskollegium. Ila msimamizi akiwa ndiye mwenye njaa ya shaba, nani atamwambia basi? Mwaka 1650 zilitoka takriban tani 3,000. Mashimo yakachimbwa bila mpango, kuta zikakonda, hata mwezi wa Juni 1687 sehemu kubwa ya mgodi ikaporomoka kwa pamoja. Hakufa mtu, kwa kuwa wachimbaji walikuwa katika sikukuu ya Midsommar.

Mchimbaji Mats Israelsson hakujaliwa bahati hiyo. Mwaka 1677, Uswidi ikipigana na Denmark, aliingia mgodini peke yake asirudi. Mwaka 1719 wenziwe wa kizazi kingine waliuona mwili mzima, umehifadhiwa na chumvi za madini, wala hapana aliyemtambua ila ajuza mmoja, Margareta Olsdotter, aliyekuwa mchumba wake miaka 42 kabla. Mwaka huo huo Warusi walikuwa wakiichoma pwani ya Stockholm, pamoja na mgodi wa kisiwa cha Utö: basi yule bwana alipotea katika vita vimoja, akaonekana katika vita vingine. Walimweka hadharani atazamwe. Mtaalamu wa viumbe Linnaeus naye akaja mwaka 1734, akasema hakugeuka jiwe bali amegandwa na chumvi tu. Mats alizikwa mwaka 1749, akafukuliwa karne iliyofuata, akatiwa katika sanduku la kioo, asipate kaburi la kudumu hadi mwaka 1930. Mimi sioni taadhima yoyote katika mambo hayo.

Mgodi wa Falun ulifungwa mwaka 1992, na UNESCO ikauorodhesha katika urithi wa dunia mwaka 2001.

Leo, vita vikiwa vimerudi Ulaya, wakuu wa Stockholm wanazungumza juu ya kuharakisha vibali vya migodi. Kabla ya kutia saini, na wapande gari moshi waende Falun, wakalitazame shimo lile.