Kuzuiwa kwa barua pepe halali

Kuzuiwa kwa barua pepe halali ni kosa la kichujio cha barua taka, yaani programu inayopima barua pepe kabla ya kumfikia mpokeaji, pale inapoidhania barua ya mtumaji anayeaminika kuwa taka. Hutokea sana maofisini, ambako vichujio huwekwa vikali. Hasara yake huzidi ile ya taka iliyopenya: taka huonekana ikafutwa, lakini barua ya zabuni au ya wito wa usaili ikizuiwa, mpokeaji hajui hata kwamba ilikuja.

Sababu

Kichujio hakimjui mtu, kinajua seva. Itifaki ya SMTP, iliyochapishwa mwaka 1982, haikuweka njia ya kumthibitisha mtumaji: yeyote aliweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Pengo hilo lilikuja kuzibwa kwa mbinu tatu. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa fulani; DKIM ni sahihi ya kidijitali inayotiwa kwenye barua; DMARC humweleza mpokeaji afanye nini ukaguzi huo ukishindwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwataka wanaotuma barua kwa wingi wawe nazo zote tatu.

Hapo ndipo watumaji wema hunaswa. Kampuni ikianza kutuma ankara kupitia huduma mpya bila kuiingiza katika orodha ya SPF, barua zake huonekana za kughushi. Barua inayopitishwa kutoka sanduku moja hadi jingine hupata shida hiyohiyo, maana seva ya katikati haimo katika orodha ya mtumaji wa kwanza. Kubadilisha maneno ya barua mara kumi, kama wengi wafanyavyo, hakuondoi kasoro ya namna hii.

Utatuzi

Swali la kwanza ni barua ilikwama wapi. Ikiwa imo katika folda ya barua taka, mpokeaji huiweka alama kuwa si taka na kumwongeza mtumaji katika orodha ya wanaoaminika. Lakini ofisi nyingi huchuja barua langoni, kabla haijafika sandukuni. Huko orodha ya mtu binafsi huenda isifue dafu, na ni msimamizi wa mfumo anayeweza kuitoa karantini. Mtumaji akirudishiwa ujumbe wenye namba inayoanza na 5, kama 550, barua imekataliwa kabisa. Inayoanza na 4 imeahirishwa tu, na kwa kawaida seva yake itajaribu tena. Ujumbe huo usifutwe, kwani msimamizi atauhitaji.

Kuruhusu kikoa kizima kipite bila ukaguzi ni dawa ya haraka, na ya hatari. Matapeli hupenda kughushi majina ya benki na wauzaji ambao ofisi imekwisha kuwaamini. Afadhali mtumaji arekebishe rekodi zake za DNS, kazi ambayo mara nyingi ni ya mstari mmoja.