Ugali na Mboga Yake: Historia ya Chakula cha Jioni Songea

Linapotajwa neno utamaduni, fikira za wengi huelekea kwenye ngoma, mavazi na masimulizi ya vita. Mgeni akifika Songea ataonyeshwa lizombe, kisha atapelekwa kuyaona makaburi ya mashujaa wa Maji Maji. Ni vema. Lakini ni nadra mgeni huyo kuongozwa hadi jikoni, ingawa huko ndiko yalikohifadhiwa mambo mengi ambayo hayakuandikwa na mmisionari wala na afisa wa boma. Katika makala haya nakusudia kukieleza chakula kimoja tu, tena cha kawaida kabisa: ugali wa jioni pamoja na mboga yake. Wengi hukihesabu kuwa chakula kisicho na kazi. Maji yakichemka, unga hutiwa, ugali husongwa, na kabla saa moja haijapita watu wamekwisha nawa mikono. Hayo ni kweli. Hata hivyo wepesi huo una historia yake, na historia hiyo haikuwa nyepesi hata kidogo.

Wangoni waliingia nchi hii wakiwa wapiganaji na wafugaji. Walitoka kusini mwa Afrika katika misukosuko iliyoambatana na kukua kwa dola ya Wazulu, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na katika miaka ya 1860 wakaanza kuimarisha tawala zao, Njelu na Mshope, katika nchi iliyokuwa ya Wandendeule na wenyeji wengine. Habari za mikuki na ngao zimeelezwa sana. Lisiloelezwa sana ni kwamba wapiganaji hao walioa wanawake wa nchi, wengi wao wakiwa mateka, na wanawake hao ndio waliopika. Mtoto alijifunza kusema pale pale alipojifunza kula. Ndiyo maana Kingoni cha Songea kimejengwa juu ya lugha za wenyeji, na maneno ya Kinguni yaliyosalia ndani yake ni machache. Yamkini chungu nacho kilifuata njia hiyo hiyo. Mfugaji wa kusini alizoea maziwa ya mgando. Katika misitu ya miombo yenye mbung'o ng'ombe hawakustawi, na maziwa hayakuweza kuwa kitoweo cha kila siku. Mshindi wa vita akaketi kula mboga ya aliyeshindwa: majani ya kunde, mlenda, uyoga wa masika, samaki wa mtoni. Mboga hiyo kwa Kingoni huitwa likolo.

Ugali wa siku hizo ulikuwa wa ulezi na wa mtama. Mahindi yalikuja Afrika kutoka Amerika pamoja na muhogo, karanga, maharage na maboga, yakaenea bara kidogo kidogo. Kwa hiyo majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, ambayo mzee wa Songea atakuapia kuwa ni chakula cha mababu tangu kale, yametokana na mimea miwili iliyovuka bahari. Mzee hakukosea lakini. Ufundi ni wa mababu kweli: kusonga, kuunga, kulainisha mboga ngumu kwa maji ya majivu yaliyochujwa. Mimea migeni iliingia katika ufundi uliokwisha kuwapo, ikapikwa kama ilivyopikwa ile ya zamani.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika Ungoni. Wajerumani walipoona kwamba silaha peke yake hazitoshi kuwatiisha watu, waligeukia maghala na mashamba. Vijiji vilichomwa, nafaka ikatwaliwa au kuteketezwa, na watu wakazuiwa kulima. Mwezi Februari 1906 wazee na viongozi wa Wangoni, miongoni mwao Nduna Songea Mbano, walinyongwa mjini. Lakini kitanzi kiliua makumi. Njaa iliua maelfu kwa maelfu. Mwanahistoria G.C.K. Gwassa alikisia kwamba katika nchi zote zilizopigana walikufa watu kati ya 250,000 na 300,000, na walio wengi hawakufa kwa risasi. Walionusurika walirudi kwenye yale ambayo askari hakujua kuyachoma: mizizi ya porini, majani, matunda ya miombo. Maarifa ya mwanamke aliyejua jani lipi linaliwa na lipi linaua yaliokoa watu wengi kuliko dawa ya maji. Sisemi hivyo kwa kuwadharau wapiganaji. Nasema kwa sababu wanawake hao hawakuwekewa mnara.

Sasa tuutazame unga wenyewe, maana hapo ndipo ilipofichwa kazi ya chakula hiki kisicho na kazi. Unga mweupe upendwao Songea hautoki moja kwa moja kwenye punje kavu. Mahindi hutwangwa kwanza kinuni ili kuondoa ganda, hupepetwa kwa ungo, kisha hulowekwa majini kwa siku kadhaa mpaka yalainike na kuingia uchachu kidogo. Baadaye huoshwa, hutwangwa tena, huchekechwa, na unga ukaanikwa juani juu ya mkeka huku watoto wakifukuza kuku. Ndipo mama aweze kusema kwamba ana unga ndani. Ugali uliosongwa kwa muda mfupi jioni ulikuwa umekwisha tumia karibu juma zima la mikono ya watu. Mwanamume aliyerudi shambani akakuta chakula tayari aliona ule mwisho tu.

Mashine ya kusaga ndiyo iliyouhamisha mzigo huo. Katika miaka iliyofuata Uhuru wa 1961, na hasa baada ya watu kukusanywa katika vijiji katikati ya miaka ya 1970, mashine ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyoombwa na akina mama, pamoja na maji na zahanati. Debe lililotwangwa kutwa nzima likasagwa kwa dakika chache. Sijui badiliko jingine lililomgusa mpishi wa Songea kwa kina namna hii.

Lakini miaka hiyo hiyo ilileta jambo jingine. Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, mbolea ikafika, na Ruvuma ikawa mmojawapo wa mikoa minne ya kusini iliyotegemewa kulisha taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Mabwana shamba walishauri mahindi yapandwe peke yake, kwa mistari. Shamba la zamani lilikuwa la mchanganyiko: maboga yakitambaa chini ya mahindi, kunde zikipanda juu ya mabua, mlenda ukijiotea wenyewe. Mahindi yalipobaki peke yake, ghala lilijaa, na mboga ikaondoka shambani. Kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ilijaribu kuwakumbusha watu kwamba tonge pekee halijengi mwili. Hata hivyo uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Ruvuma wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, katika mkoa unaouza mahindi kwa wengine. Mtoto hushiba, tena hushiba sana, naye harefuki. Bakuli la ugali limekua mwaka hata mwaka, na kibakuli cha mboga kimezidi kuwa kidogo pembeni yake.

Wala si kwamba mboga hiyo ni ngumu kupika. Majani ya maboga huondolewa nyuzi, hukatwa, hutiwa katika maji machache yenye chumvi na nyanya. Yakishalegea hunyunyizwa karanga zilizotwangwa na kukorogwa taratibu ili zisishike chini. Kazi yake yote huisha wakati maji ya ugali yanachemka katika figa la pili. Kisamvu hudai subira zaidi, kwani lazima kitwangwe na kichemshwe sana ili sumu yake iondoke. Maharage ya Umatengo, yanayolimwa katika mashimo ya ngoro kwenye miteremko ya Mbinga, hutiwa motoni asubuhi na kuachwa yajiivie mtu akifanya mengine. Na dagaa wa Ziwa Nyasa waletwao kutoka Mbamba Bay huoshwa kwa maji ya moto, hukaangwa na kitunguu, wakawa tayari kabla mwiko haujakauka. Sokoni Songea fungu la majani ya maboga huwekwa chini, juu ya kipande cha gunia, mbele ya mwanamke ambaye jioni, yasiponunuliwa, huyabeba akaenda kuyapika mwenyewe.